Kupungua kwa Mizani ya Malori

Kazi yangu ni kupima malori, na usinicheke. Lori linaingia machimboni likiwa tupu, linapanda kwenye mizani, naandika. Linakwenda kupakia kokoto, linarudi, linapanda tena, naandika. Natoa uzito wa kwanza kwenye wa pili, nampa dereva karatasi yake, naye anaondoka akinung'unika. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kibanda kimoja, kiti kimoja, dirisha moja lenye vumbi lisilofutika, na sijawahi kumwona dereva aliyeridhika na uzito wake.

Mbinu zao nazijua zote. Lori likiwa tupu wanajazana humo: dereva, msaidizi wake, binamu ya msaidizi wake, madumu ya maji, tairi la lori jingine, mradi lionekane zito. Likirudi na mzigo wote wameshuka, na dereva naye angeshuka kama lori lingekubali kujiendesha. Kwa hiyo siku muuguzi aliponiambia nipande kwenye mizani ya kliniki, nilijua la kufanya. Nilivua viatu. Nikavua saa. Nikatoa funguo, simu, kalamu mbili na miwani, kisha nikashusha pumzi yote iliyokuwemo kifuani.

"Baba," muuguzi akasema, "bado hujapanda."

Nikapanda. Kilo mia moja na kumi na nne. Aliisoma kwa sauti ya mnadani, na watu wote kwenye benchi wakageuka kumtazama mwenye mali. Bibi mmoja aliyekuwa akisubiri kupimwa macho alinipa pole, na huyo alikuwa hata hanioni vizuri.

Nina kisukari, ile aina ya pili, mwaka wa sita sasa. Vidonge asubuhi, vidonge jioni, na katikati yake naishi kama mtu mwingine yeyote, yaani nakula. Daktari wangu ni binti mdogo, umri wa mwanangu kama ningekuwa na mwana. Mke nilikuwa naye, tukaachana kwa amani. Yaani yeye alipata amani. Daktari aliyatazama majibu ya damu, akanitazama mimi, akayatazama tena majibu kana kwamba anatafuta nani kati yetu anasema uongo.

"Sukari imepanda," akasema. "Na huu uzito ndio unaoisukuma. Hata kilo saba au nane zikipungua utaona tofauti. Tuangalie njia zilizopo, uchague tukishauriana."

Akachora duara kwenye karatasi, akalikatakata. Sahani hiyo. Nusu mboga, robo maharage au samaki au nyama, robo wanga. Robo ya wanga! Kwangu robo ndiyo ninayoonja nikiwa bado napakua. Akaongeza: kutembea nusu saa kila siku. Nikamweleza kwamba kazini kwangu, kutoka kwenye kiti hadi dirishani ni hatua moja, na siku nyingi nanyoosha mkono tu.

"Njia ya pili," akasema bila kutabasamu, "ni sindano ya mara moja kwa wiki. Inapunguza hamu ya kula, inashusha sukari, na uzito unapungua polepole. Wengine inawapa kichefuchefu. Bei yake si mchezo, na si kila mtu inamfaa, kwa hiyo usiende kuinunua uchochoroni. Njia ya tatu ni upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kuna watu sukari yao imeshuka mpaka dawa zikapunguzwa. Lakini ni upasuaji, na baada yake utafuatiliwa maisha yako yote."

Nikalishika tumbo langu kwa mikono miwili. Tumetoka mbali, mimi na hilo tumbo. "Na ya nne?" nikauliza.

"Ya nne hakuna. Na vidonge unaendelea navyo, uchague njia yoyote. Sukari ikizidi kupanda, tutaanza insulini."

Hapo roho ikaniruka. Ngoja nikueleze, maana bila hili utaniona mjinga tu, na mimi ni mjinga mwenye sababu. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka miwili, alikuwa na ugonjwa huu huu. Mwezi wa tatu wakamwanzishia sindano za insulini. Mwezi wa tano tukamzika. Mimi si daktari, lakini hesabu ya kutoa ndiyo inayonilisha, na hesabu hiyo nilishaifanya kaburini nikiwa bado nimeshika koleo. Tangu siku ile nilikuwa na nia moja tu duniani: sindano ile isinifikie. Magoti yangu, suruali, kupendeza, hayo sikuwa na haja nayo. Nilitaka kupungua ili niikimbie ile sindano, basi.

"Nitafikiri," nikamwambia daktari. Alisema na mengine mengi ya kuzingatia, lakini nilikuwa navaa viatu.

Ya nne nilipewa kesho yake, kupitia dirisha la kibanda. Kuna dereva mmoja tunamwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo asilolijua na hakuna darasa alilolimaliza. Nilimsimulia habari za kliniki huku lori lake likitulia kwenye mizani. Akacheka mpaka akashika usukani.

"Wakupasue tumbo? Wewe kuku?" Akainama chini ya kiti, akatoa kopo lililowahi kuwa la rangi, lililooshwa kwa madai yake. Ndani mlikuwa na unga wa kijani. Majani ya kusaga, akasema, aliyapata kwa mtu aliyeyapata kwa mtu. Yanaondoa mafuta, yanaondoa sukari, yanaondoa uvivu. Kijiko kimoja kwenye maji moto, mara tatu kwa siku. "Ila usichanganye na vidonge vya hospitali. Vinagombana humo ndani."

Nikapima. Upande mmoja daktari aliyesoma miaka saba, na sahani ya mboga, na sindano, na kisu. Upande wa pili Profesa na kopo la rangi. Mizani ya akili yangu, Mungu anisamehe, ikaangukia kwenye kopo. Vidonge nikavitia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa.

Unga ule ulikuwa mchungu wa kumfanya mtu aombe radhi kwa makosa ya ujanani. Haukunyweka hivi hivi, kwa hiyo kila kijiko nilikishushia na soda baridi. Kuhusu soda Profesa hakuwa amesema lolote, na mimi si mtu wa kuuliza maswali yatakayoniharibia siku.

Kliniki sikutaka kurudi kutangazwa, na nyumbani sina mizani. Lakini mizani ninayo, tena ninailinda mwenyewe. Kila Ijumaa lori la mwisho likishaondoka, nilitoka kibandani, nikatembea mpaka katikati ya lile bamba kubwa la chuma, nikasimama wima kama mzigo halali, kisha nikarudi mbio kuangalia kabla namba haijafutika. Baadaye nikamwomba mlinzi wa geti aniangalizie. Kwa kukimbia nilikuwa nachoka.

Sasa sikia. Mizani ya malori haijui kilo moja moja. Inakwenda kwa ishirini: ishirini, arobaini, sitini. Kitu kikiwa karibu na arobaini kuliko sitini kinaandikwa arobaini, na kikivuka katikati kinarukia sitini. Haijatengenezwa kupima mtu, imetengenezwa kupima tani arobaini za mawe, na kilo ishirini kwake ni sawa na makohozi. Jambo hili nimewaeleza madereva kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na tisa. Wananijia wamevimba: mbona jana lori langu tupu lilikuwa hivi, leo vile? Nawaambia, bwana, umejaza mafuta lita mbili zaidi, namba imeruka, usinilaumu mimi. Nimeyasema mpaka nayasema usingizini.

Ijumaa ya kwanza, mia na ishirini. Ya pili, mia na ishirini. Ya tatu na ya nne, hivyo hivyo, na nikaanza kumtazama Profesa kwa jicho baya. Ijumaa ya tano mlinzi akachungulia dirishani, akapiga kelele: "Mia moja! Mia moja kamili, mzee!"

Kilo ishirini kwa wiki moja. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mtu anayejua mizani ile kama mimi angecheka. Mimi nilimwambia mlinzi abonyeze kitufe, nikachapishiwa karatasi kama lori, nikaibandika kwenye kioo cha kibanda ili dunia yote isome. Jumatatu Profesa aliuza makopo kumi na moja kabla ya saa nne. Walionunua wengine walikuwa wembamba kama ufagio, lakini furaha ilikuwa imeshawapanda kichwani.

Na kupungua nilikuwa nimepungua kweli, hilo siwezi kusingizia mizani. Mashavu yaliingia. Suruali nilikuwa naishikilia kwa mkono mmoja nikitembea. Madereva waliokuwa wakiniita Tani Mbili wakabadilisha, wakaniita Kijana. Kiu ilinishika, nikawa namaliza dumu la lita tano kabla ya mchana, na chooni nikawa nakwenda mpaka malori yakapanga foleni yakinisubiri. Profesa akasema hayo ni mafuta yanayeyuka, lazima yatokee mahali. Namba za malori zikaanza kunichezea, nane naiona tatu. Nikalaumu vumbi. Nilikuwa nachoka pia, uchovu wa kulala nimekaa, lakini mtu anayefanya kazi kubwa ya kupungua si ana haki ya kuchoka?

Jumapili huwa nakula kwa shemeji, mjane wa kaka. Ni mwalimu wa darasa la kwanza, na kwa kuwa amezungumza na watoto wa miaka sita kwa miaka thelathini, anazungumza hivyo na kila mtu, akiwemo mchungaji na watu wa benki. Jumapili ile nilifika na karatasi yangu ya mizani mfukoni, nimeibandua kiooni. Nilimwekea mezani kabla hata sijakaa.

"Shemeji, soma hapo. Mia moja."

Akaisoma. Akatazama na pale panapoandikwa namba ya gari, ambapo mlinzi kwa utani wake alikuwa amepaacha wazi. Kisha akaniwekea chakula mbele, akawa ananitazama nikinywa maji. Jagi likaisha, akaleta jingine. Nikaenda chooni, nikarudi, nikaendelea kumsimulia habari za unga wa Profesa, nikaenda tena.

"Hiyo ni mara ya nne," akasema niliporudi.

"Shemeji, unanihesabia safari za chooni?"

"Nafundisha watoto wa miaka sita. Nusu ya kazi yangu ni hiyo." Hakucheka. "Vidonge vyako unakunywa?"

Nikajitia kutafuta mfupa kwenye samaki. Alinisubiri kama anavyomsubiri mtoto aliyeficha chaki. Mwishowe nikamwambia viko kwenye droo, vimepumzika. Akasimama bila kumaliza chakula chake, akachukua mkoba. "Vaa viatu," akasema.

Nilibisha. Nilimwambia ni Jumapili, nilimwambia nimeshiba, nilimwambia mtu aliyepungua kilo ishirini hapelekwi hospitali, anapewa zawadi. Alikuwa ameshafungua mlango.

Daktari wangu ndiye aliyekuwa zamu. Mizani ya pale ikasema mia moja na saba. Kilo saba, basi, si ishirini, na shemeji alizisikia namba zote mbili, nikatamani sakafu inifunike. Muuguzi akanitoboa kidole, akakiweka kile kipimo kidogo kwenye tone la damu, tukasubiri. Hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita pale kinapoweza kusoma. Hilo halikuhitaji mtu kunielezea. Mizani yangu nayo inafanya hivyo lori likizidisha kupita kiasi: inakataa kutoa namba, na lori la namna hiyo huwa siliruhusu kutoka getini.

Wakapima mkojo. Daktari akarudi akavuta kiti karibu, na ule ukali wake wa siku ile haukuwepo, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

"Hukupunguzwa na unga," akasema. "Uliacha dawa, ukaongeza soda. Sukari imejaa kwenye damu na mwili hauwezi kuitumia, inatoka na mkojo. Ndiyo kiu, ndiyo choo, ndiyo macho. Mwili umekosa chakula, umeanza kujila wenyewe. Hizo kilo saba hukuzipunguza wewe, umeliwa. Leo unalala hapa. Tunakuwekea maji kwenye mshipa, na insulini tunaanza sasa hivi."

"Hapana," nikasema.

"Baba..."

"Nipe ile ya wiki. Si ulisema iko? Nipe hiyo. Nitalipa, nitauza hata kitanda. Au nipasue, nimekubali, nipasue leo. Sahani ya mboga nitakula, na sahani yenyewe nitaila. Nitatembea kutoka hapa mpaka machimboni na kurudi kila siku. Chagua wewe. Ila hiyo, hapana."

"Hayo yote yapo, na tutayazungumza," daktari akasema. "Ile ya wiki nadhani inaweza kukufaa kabisa, na sahani utaianza hapa hapa. Lakini ni mambo ya miezi. Wewe una tatizo la leo. Pengine baadaye insulini tutaiondoa, tukiona mwili umetulia. Leo hakuna kitu kingine."

Nikasimama, nimeishikilia suruali kwa mkono. Nilikuwa naogopa, sina haja ya kuficha. Mtu mzima wa miaka hamsini na sita, nataka kukimbia bomba dogo kuliko kalamu. "Sindano hiyo ilimuua kaka yangu," nikasema. "Muulize mkewe, huyo hapo. Mwezi wa tatu walimwanzishia, mwezi wa tano tukamzika."

Daktari akamgeukia shemeji. Shemeji alikuwa amekaa na mkoba wake magotini, amenyooka. Nikadhani yuko upande wangu.

"Kaka yako alianza kupungua mwaka mmoja kabla ya hiyo sindano," akasema. Safari hii hakutumia sauti ya darasani. "Vidonge alikuwa ameviacha. Hakuniambia. Nilivikuta kwenye mfuko wa koti lake, baada ya mazishi, pakiti nane hazijafunguliwa. Alipofikishwa hapa figo zilikuwa zimekwisha. Hiyo sindano haikumuua, shemeji. Ilimkuta ameshachelewa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba nililala naye kitanda kimoja mwaka mzima na sikuona? Alikuwa anapendeza. Watu wanamsifia barabarani. Mimi mwenyewe nilimpunguzia suruali zake mara mbili, namtania, nasema umepata mwanamke gani. Alikuwa anakunywa maji hivyo hivyo kama wewe leo. Tulimpongeza. Nyumba nzima tulimpongeza." Akanitazama. "Na wewe siku ile uliyokuja kumsaidia kupaka rangi ukuta wa nje, ulimshika kiuno ukamwambia, 'Kaka, hicho unachokifanya, usikiache.'"

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka rangi yenyewe, na jinsi alivyocheka, na jinsi alivyoshuka kwenye ngazi mara kwa mara kwenda kunywa maji tukasema ni jua. Alifurahi sana kusikia neno lile kutoka kwangu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa mtu wa kumcheka kwa unene wake tangu utotoni. Nilisikia uchungu ambao sikuwa nao hata siku ya maziko. Miaka tisa nimeichukia sindano, kumbe.

Nikakaa. Nikampa daktari mkono wangu, nikageuza uso.

"Si mkono, baba," akasema. "Tumboni."

Nikapandisha shati. Alinibana ngozi kwa vidole viwili, na ilipoingia sikusikia kitu, kama kuumwa na sisimizi, si zaidi. Shemeji alikuwa amesogea kando ya kitanda. Aliponiona nimetulia alifungua mdomo, na nikajua anachotaka kusema, kile anachowaambia watoto wake wakimaliza jambo gumu.

"Usinipongeze," nikamwambia.

Akaufunga mdomo. Akavuta kiti, akakaa, na tukakesha hivyo, yeye akihesabu matone ya maji na mimi nikimwacha ahesabu.